Pedi ya Pili

Ukimwambia mtu kwamba unatengeneza gemu ya mkononi kutokana na mashine ya zamani, atadhani ugumu uko kwenye waya. Waya nazo zina shida zake, ila zina tabia moja nzuri: zina jibu. Unaweka mita, inasoma volti 8.4, basi ni 8.4 na ubishi umekwisha. Ugumu wangu miezi hii minne umekuwa kwenye kasha. Kasha halina mita. Kila tundu unaloliacha na kila tundu unaloliziba ni uamuzi juu ya mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo hayupo mezani ajitetee.

Kazi yenyewe si ngeni. Atari 2600 ilitoka mwaka 1977 ikiwa imevikwa sura ya mbao mbele, kama samani ya sebuleni, na miaka zaidi ya 20 baadaye Mmarekani Benjamin Heckendorn akaitoa sebuleni akaifanya ishikike kwa mikono miwili. Mwaka 2005 akaandika kitabu kizima cha kuwafundisha wengine. Tangu hapo kuna watu, wengi wao wakiwa mbali sana na Dar es Salaam, ambao starehe yao ni kuchukua mashine iliyobuniwa kukaa chini ya televisheni, kuitoa utumbo, kuikata bodi pembeni mpaka ibaki na yale tu isiyoweza kuishi bila hayo, kisha kuijengea nyumba mpya yenye skrini, betri na vitufe. Nimejifunza kwao mengi. Lakini wao hujenga kasha kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo kwa kawaida ni wao wenyewe. Hapo ndipo njia zetu zilipoachana.

Mashine yangu ni PlayStation 2, ile nyembamba iliyoanza kuuzwa mwaka 2004. Ilikuwa ya kaka yangu. Ni mtoto wa baba mkubwa, ila kwetu hilo halina uzito, ni kaka tu. Alikuwa na banda la gemu Mbagala: mabati, televisheni tatu za kichogo, benchi mbili, feni moja iliyokuwa inamtazama yeye tu. Sheria ya banda ilikuwa moja. Ukifungwa, unatoka, anaingia mwingine. Wasichana tulikuwa watu wa mlangoni. Unatumwa kumwita mtu, au unampelekea kaka chakula, unasimama kidogo unaangalia, unaondoka. Siku moja kaka akanyoosha mkono bila kugeuka, akasema, "Njoo ushike pedi ya pili." Benchi ikanuna. Nilifungwa saba bila, nikatoka. Nilitoka kwa sheria ileile iliyowatoa wote, na nadhani ni kule kutoka, kuliko kuingia, kulikonifanya nijione kwamba nilikuwemo.

Acha niseme kitu juu ya mashine hiyo, kwa sababu bila hicho kasha halieleweki. PS2 ilizinduliwa Japani Machi 2000, ikatengenezwa kwa takribani miaka 12, ikauzwa zaidi ya milioni 155. Hata hivyo idadi haielezi kwa nini ilidumu hivyo mitaani kwetu baada ya wenye fedha kuhamia mashine mpya. Naamini sehemu ya sababu ni skrubu. Chini ya vimiguu vyake vya mpira na stika ya waranti kuna skrubu za kawaida kabisa, za bisibisi ya nyota, bisibisi ambayo kila fundi redio anayo. Mashine kadhaa za Nintendo za zama zile zilifungwa kwa skrubu za kichwa maalumu ambazo bisibisi yake huikuti dukani kwa mpemba. PS2 jicho lake la kusomea CD likichoka, unaipeleka kwa fundi kona, anaifungua, anafuta, anakaza kidogo, unarudi kucheza. CD zilipokwisha kabisa, watu wakahamia kwenye flashi, ambayo mashine inaisoma polepole mno hadi video za ndani ya gemu zinakatakata, lakini mechi inachezeka. (Gemu zenyewe nyingi zilikuwa za kunakili. Hilo ni suala la haki miliki na linastahili insha yake, tena ya mtu mwenye dhamiri safi kuliko mimi.) Hoja yangu ni kwamba ile mashine iliacha mlango wazi kwa mtu isiyemjua. Mtu huyo alikuwa amekaa kona ya Mbagala na bisibisi moja.

Banda lilifungwa simu zilipojaa. Mashine ikalala uvunguni miaka kadhaa. Kisha mtoto wa kwanza wa kaka, ambaye sasa ana miaka 11, akaanza kulazwa mara kwa mara. Ana sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa nayo, kwa hiyo pengine sina haja ya kueleza: baridi ikimpata, au akicheza mpira mpaka akapungukiwa maji, viungo vinaanza kuuma maumivu ambayo watu wazima waliyoyaona hawapendi kuyasimulia. Kuna siku tatu wodini, kuna siku kumi. Kaka aliniletea mashine ikiwa ndani ya kiroba cha mchele.

"Wewe si unajua kuchomelea hivi vitu? Mfanyie mwanao kitu cha kushika akiwa kule."

Ninajua kidogo. Nilijifunza kulehemu kwa fundi redio wa mtaani likizo za sekondari, kabla sijapotelea kwenye falsafa, ambako sasa niko mwaka wa pili wa uzamili.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni kwa nini nisimpe simu. Zipo programu zinazoigiza PS2 kwenye simu yenye nguvu, na vipo vidude vya mkononi kutoka China vilivyojazwa gemu za zamani. Simu ya nguvu hiyo ukoo wetu hauna, ila hata ingekuwepo jibu lingekuwa lilelile. Mtoto huyu amesikia habari za banda kuliko alivyosikia hadithi za sungura na fisi. Anajua nani alikuwa hafungiki, nani alivunja pedi akakimbia. Hakuomba gemu. Aliomba "ile ya baba."

Maneno hayo matatu yalinitumbukiza kwenye mtego wa darasani. Plutarch alisimulia habari za meli ya Theseus, iliyokuwa ikibadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka watu wakabishana kama bado ni ile. Mwaka 1655 Thomas Hobbes akauongezea ukali: je, kama mtu aliziokota zile mbao kuukuu, akaziunga upya kwa mpangilio wake wa awali, meli ya Theseus ni ipi kati ya hizo mbili? Mezani kwangu palikuwa na ganda jeusi la PS2, tupu, likiwa na stika ya Yanga iliyofifia. Pembeni yake bodi, feni, na skrini ndogo ya Kariakoo, zile zinazouzwa kwa ajili ya kamera ya nyuma ya gari. Mwenzangu wa darasani alifurahi kupita kiasi, akataka tuandike kitu. Mimi nikamuuliza mtoto: ya baba ni ipi hapa?

"Inayowaka."

Hobbes hakulifikiria hilo. Nilifunga mjadala wa meli siku hiyohiyo, kwa sababu niliona haunisaidii. Unauliza kitu ni kipi. Mtoto alishajibu: ni kile kinachowaka. Kilichobaki ni kuuliza kiendelee kuwaka mikononi mwa nani, na nani mwingine aweze kukigusa, na hayo hayajibiwi na bodi. Yanajibiwa na kasha.

Anza na gundi. Kasha la kuchapishwa kwa printa ya 3D hutoka vipande viwili, mbele na nyuma, na njia ya mkato ni kuvigundisha. Linakuwa jembamba, jepesi, halina mshono. Skrubu zina gharama: unahitaji vinguzo ndani ya kasha, nati ndogo za shaba unazozipachika kwa moto wa pasi ya kulehemu, na kila kinguzo kinakula nafasi uliyokuwa umeipangia kitu kingine. Lakini seli za lithiamu huchoka zikishachajiwa mara mia kadhaa. Kwa hiyo siku ya kulifungua kasha hili ipo, haina tarehe tu. Na mfunguaji huenda asiwe mimi. Naweza kuwa nimepata kazi Dodoma, naweza kuwa nimechoka, naweza kuwa nimekufa, Mungu apishe mbali. Kugundisha kasha ni kusema kwamba uhai wa kitu hiki utaishia pale hamu yangu itakapoishia. Niliweka skrubu sita, za nyota.

Skrubu peke yake haitoshi, lakini. Fundi asiyejua seli zilipo anaweza kuitoboa moja kwa ncha ya bisibisi, na seli ya lithiamu iliyotobolewa huweza kuwaka moto. Nikachapisha maandishi ndani ya ganda la nyuma, yameinuka kwenye plastiki ili yasifutike: BETRI HAPA. CHOMOA KWANZA. Chini yake nimekunja karatasi yenye mchoro wa waya zote. Ni uandishi wa ajabu kidogo. Tasnifu yangu itasomwa na watu watatu ninaowajua majina. Karatasi hii inamngoja mtu nisiyemjua, ambaye huenda hajazaliwa, na nimeiandika kwa uangalifu kuliko sura yoyote ya tasnifu.

Mengine nayapitia haraka. Plastiki ya kawaida ya printa, PLA, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na yeyote aliyewahi kuacha kitu dirishani mwa gari mchana wa Dar anajua nyuzi 60 si hadithi. Nikatumia PETG, inayovumilia mpaka kama 80. Mashimo ya kutolea joto watu wengi huyaweka mgongoni. Mtoto aliyelala kitandani atalilaza kasha kwenye blanketi, na blanketi litaziba mgongo, basi mashimo yangu yako ukingo wa juu. Mistari ya printa inashika uchafu, na vitu vya wodini hufutwa kwa spiriti, hivyo nilipiga msasa siku mbili, nikapuliza rangi. Aliomba bluu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililonikosesha usingizi.

Kilichonikosesha usingizi ni tundu la pedi ya pili.

Hesabu yake ni hii. Seli mbili zilizounganishwa mfululizo zikijaa hutoa volti 8.4, karibu kabisa na zile 8.5 za adapta ya mashine hii, na zinaendesha kila kitu, skrini ikiwemo, kwa saa mbili na ushee. Seli nne zinakupa maradufu. Seli moja ina uzito wa gramu 45 hivi. Ndani ya kasha ambalo mtoto wa miaka 11 anaweza kulikamata, mkono mmoja ukiwa na dripu, panaenea ama seli nne, ama seli mbili pamoja na soketi ya pedi ya pili. Vyote haviingii. Nimechora upya mara tisa, haviingii. Kwa lugha nyingine: mgeni analipiwa kwa saa mbili za mwenyeji.

Watengenezaji wakubwa walikutana na swali hilohilo. Game Boy ilipotoka mwaka 1989, Nintendo walikuwa wamebana kila kitu: haina rangi, haina mwanga nyuma ya skrini, inaishi kwa betri ndogo nne. Pamoja na ubanaji huo wote wakaacha tundu ubavuni la kuunganisha waya na Game Boy ya mtu mwingine. Ukitaka unaweza kuliona kama utu. Mimi naliona pia kama biashara, kwa sababu mchezaji wa pili alipaswa kununua Game Boy yake, na mara nyingi gemu yake. Mgeni wao alikuja na chakula chake. Mgeni wangu anakuja na vidole tu.

Kaka hakuona kwamba kuna swali. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akacheka, kwa sababu kwa mtoto mgonjwa methali hiyo inaingia kama ufunguo kwenye kufuli. Naipenda methali hiyo. Ninachokituhumu ni wepesi wake mdomoni mwa asiyetoa kitu. Anayeitamka kwa kawaida ni mgeni mwenyewe, au mtu aliyesimama pembeni, ambaye chakula kikigawanywa sahani yake haiguswi. Wifi, mama yake mtoto, alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa.

"Wifi, nyie hamjalala naye kule. Saa tisa usiku hakuna mgeni."

Soketi za ukutani wodini ni chache na ziko mbali na kitanda chake. Saa tisa usiku maumivu yapo, usingizi haupo, wenzake wamelala, na kitu cha mkononi kinachozimika baada ya saa mbili ni nusu ya ahadi. Sikuwa na cha kumjibu. Bado sina.

Kuna hoja nyingine dhidi ya tundu, na hii niliipata mwenyewe siku nilipokwenda kumtazama. Mtoto anayelazwa mara kwa mara anakuwa mali ya umma. Madaktari wanamgeuza, wanafunzi wa udaktari wanamzunguka, majirani wanakuja kumwombea kwa sauti, mashangazi, nikiwemo mimi, wanamshika paji la uso bila kuomba. Hakuna kitu chake ambacho hakijafunguliwa. Huenda mtoto huyo anahitaji kuwa na kitu kimoja chenye mlango mmoja. Tunapenda kusema kwamba kitu cha watu wengi ni bora kimaadili kuliko kitu cha mtu mmoja, na vijijini na mitaani tumelelewa hivyo, lakini kauli hiyo inadhani kwamba mtu anayo sehemu yake pa kurudi. Yule hana. Ana kitanda nambari fulani, mpaka atakapohamishwa.

Upande wa pili nilikuwa na benchi la Mbagala. Najua pedi ya pili ilinifanyia nini. Najua pia kwamba mtu anaweza kuchukua utoto wake mwenyewe, akauita kanuni, akamtoza mtoto mwingine saa mbili kwa ajili yake. Nimesoma vitabu vingi vinavyozungumzia wajibu wetu kwa "mwingine", na karibu vyote huanza na mimi niliyeshiba ninayekutana na mwenye njaa. Sijakutana na kitabu kinachoniambia nifanye nini ninapogawa kwa niaba ya mgonjwa, kwa mkono wangu, nikimpa jirani yake mgonjwa.

Nilimuuliza, basi. Mwenzangu wa darasani anaona huko ni kukwepa: mtoto wa miaka 11 hawezi kupimiwa jambo ambalo watu wazima watatu limewashinda. Sikubaliani naye. Saa ni zake. Na maswali yake yalikuwa bora kuliko yetu.

"Nani atachagua mtu wa kushika?"

"Wewe."

"Na nikichoka?"

"Unamwambia umechoka."

Akaniangalia vile watoto wanavyomwangalia mtu mzima aliyesahau dunia ilivyo. "Hawasikii, shangazi."

Kuna mtoto wa kitanda cha jirani, alinieleza, anayejua sana mpira na ambaye angependa kumfunga. Kuna mwingine ambaye hataki hata akaribie. Alitaka tundu liwepo. Alitaka pia liweze kufungwa, si kwa maneno, kwa kitu. Akifunga, ionekane imefungwa, ili asilazimike kusema "sitaki" kwa mtu anayeumwa kama yeye. Miezi minne nilikuwa nabishana na nafsi yangu kama kasha liwe na mlango au lisiwe nao, na kumbe yeye alikuwa anauliza kitasa kiko upande gani.

Seli ni mbili, kwa hiyo. Soketi ipo, ubavu wa kulia. Wifi hajaridhika, na sidhani kama anapaswa kuridhika. Kaka ameahidi kutafuta ekstensheni ndefu na kuongea na manesi, na kama watakubali hilo mimi sina sauti. Juu ya soketi nimechapisha kifuniko kidogo cha bluu. Skrubu yake sikuiweka ya nyota, maana sitaki bisibisi iwe inazungukazunguka karibu na seli. Ina kichwa kipana chenye mfereji, unaizungusha kwa sarafu.

Nilipompelekea alikifungua na kukifunga mara nne kabla hata hajaiwasha mashine. Kisha akaniomba shilingi 200, si ya kununua kitu. Anaiweka kwenye kifuko cha vidonge vyake.